Mikorosho yangu wanapalilia kondoo: mwaka wa nne sasa, nawawekea hesabu na makosa yote

#1 Mkuranga Mkavu

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jamaa alilalamika humu wiki mbili zilizopita kwamba palizi inamla faida yote ya korosho. Nikachangia maneno mawili tu, "nunua kondoo", nikaenda kulala. Asubuhi nakuta jumbe za faragha zimejaa, kila mtu anataka maelezo. Nimeona nishushe uzi kabisa kuliko kujibu mmoja mmoja. Wasiopenda maandishi marefu mtanisamehe.

Mimi nina heka nane Mkuranga, ukiingia ndani kutoka barabara ya Kisiju. Udongo ni kichanga kitupu. Nilinunua 2017, mikorosho nikaikuta, mikongwe, miti 200 na ushei. Naishi Dar, shambani nakwenda mwisho wa wiki. Kuna mzee mmoja nilimkuta pale kama mlinzi, nikaendelea naye.

Mkorosho ukiuacha na majani chini umejiletea balaa tatu. Majani yanagombania maji na mti. Korosho zikidondoka hamzioni. Na kiangazi kikikolea, yale majani ni petroli. Kwa hiyo nilikuwa nafyekesha mara mbili kwa mwaka, heka sh. 70,000, halafu Septemba tunasafisha chini ya miti, heka sh. 30,000. Piga mwenyewe: 1,120,000 kujumlisha 240,000, ni 1,360,000 kila mwaka, na hapo hujanunua salfa ya kupulizia mikorosho.

2021 nikanunua kondoo 12, majike 11 na dume moja, wale wekundu wa Kimaasai, wastani wa 110,000 kila mmoja. Kwa nini kondoo na si mbuzi? Mbuzi anakula kichwa juu, kondoo anakula kichwa chini. Mbuzi atasimama kwa miguu miwili akuvue tawi, akishamaliza ahamie kwenye gome la mche uliopanda jana. Ng'ombe naye akipita chini ya mkorosho anavunja, maana matawi ya mkorosho yanalala chini kama mtu aliyechoka. Kondoo anapita humohumo, anakula, anatoka upande wa pili.

Sasa makosa.

Mwaka wa kwanza niliwaachia shamba zima. Asubuhi zizi linafunguliwa, jioni linafungwa, mimi Dar najiona mjanja. Miezi mitatu baadaye naenda kukagua: karibu na zizi pamebaki mchanga, pamekwanguliwa kama uwanja wa ndondo. Kule mwisho wa shamba majani yananifika kifuani. Kondoo ni kama mtoto mbele ya sinia la pilau, anaokota nyama kwanza. Walikuwa wanakula ukoka laini, ukichipua tu wanaurudia, ukichipua wanaurudia, mpaka ukafa. Magugu magumu wasiyoyataka yakabaki yanatanua bila mshindani. Yaani niliwalipa kondoo wanipandie magugu. Na masika ile walikufa wanne kwa minyoo, maana walikuwa wanalala, wanakunya na kula palepale.

Nikataka kuwauza wote. Aliyenizuia ni yule mzee. Akaniambia kwao walikuwa wakipeleka mifugo sehemu moja, wakaiacha, wasiirudie mpaka majani yafike magotini. "Hawa wako umewapa shamba, hujawapa ratiba."

Basi nikaanza kuwabana. Nyavu za umeme wa sola niliulizia bei nikacheka mwenyewe. Nikaenda Kisiju pwani, nikanunua nyavu chakavu za wavuvi, zile zilizotatuka haziendi tena baharini. Tunakata vigingi vya mwarobaini, tunazungushia nusu heka hivi, kondoo wote ndani. Siku tatu, masika pengine nne, tunahamisha. Kipande walichotoka hawakirudii mpaka zipite wiki tano au sita. Kiangazi ni zaidi ya hapo, maana majani hayaoti, utarudi kula nini?

Ukiwabana hivyo hawachagui. Siku ya kwanza wanakula laini, ya pili wanakula la wastani, ya tatu wanakula na lile walilolinunia. Wasichokula wanakikanyaga, kinalala chini, kinafunika mchanga. Kinachobaki ni vichaka vyenye miti na gugu la lantana, na hiyo lantana msiwaache walazimike kuila kwa njaa, ni sumu. Vichaka hivyo naweka vijana wawili siku tano, 15,000 kwa siku kila mmoja, wanang'oa. Laki na nusu kwa mwaka, badala ya milioni moja na laki tatu na sitini.

Nyavu zina dhambi zake. Mwanakondoo wa kwanza kuzaliwa shambani alinasa shingo usiku, tumemkuta asubuhi ameshapoa. Tangu hapo wavu unavutwa ukaze kama ngoma, sehemu ya chini inafukiwa, na usiku kondoo wanalala kwenye zizi la miti, si ndani ya wavu.

La moto niwaambie, maana ndilo lililonifunga mdomo hata mimi. Septemba 2023 mtu wa mkaa upande wa kusini moto ulimshinda. Upepo unavuma kuja kwetu. Mzee ananipigia, nasikia mwenyewe unavyolia, ule mlio wa majani makavu yakipasuka. Nimefika saa mbili baadaye. Pale kondoo walipopita mwezi uliotangulia moto ulikuta majani mafupi, ukatambaa hatua chache, ukafa wenyewe. Unaona kabisa mstari, huku nyeusi huku kijivu. Ila heka mbili tulizokuwa bado hatujazifikia ulipita nazo. Mikorosho kumi na moja. Mingine ilikuwa na umri wa kunizidi mimi.

Salfa: tukianza kupuliza dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, kondoo wanatoka eneo hilo. Salfa nyingi kwenye majani inamharibu kondoo ubongo. Kipande kinachopulizwa kinakuwa nje ya ratiba mpaka mvua inyeshe au nijiridhishe.

Mwezi wa tisa nawapitisha chini ya miti kwa nguvu, mpaka pawe kama pamefagiwa. Korosho zikianza kudondoka wanatoka kabisa. Mama mmoja anayetuokotea kila msimu aliniambia, "Mwaka huu hatupapasi, tunaokota." Okota ikiisha wanarudi kusafisha mabibo, lakini kwa kipimo, nusu saa tu. Mabibo mengi yaliyochacha tumboni ni kesi nyingine.

Nimechoka vidole. Maswali yaje.

#2 Kijana wa Goba

Kula tano mkuu. Weka picha za huo mstari wa moto.

#3 Pesa Nne

Uzi mzuri lakini hesabu umezipamba. Umesema unaokoa palizi. Mchungaji je? Ukimlipa laki na ishirini kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,440,000. Hiyo inazidi palizi uliyokuwa unalipa! Afadhali ungefyekesha ukalala usingizi wako. Watu wa Dar mnapenda kilimo cha simu.

#4 Mkuranga Mkavu

Pesa Nne, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri, na uko sahihi kwa mtu anayeanza na mchungaji mpya. Ukiajiri mtu kwa ajili ya kondoo 12 tu, umeumia.

Mimi mlinzi nilikuwa naye tayari, namlipa 100,000. Sasa namlipa 130,000, na kila mwanakondoo wa tano ni wake. Ongezeko ni 360,000 kwa mwaka. Dawa na chanjo kama 180,000. Nimeokoa 1,210,000 kwenye palizi, toa hizo mbili, zinabaki 670,000. Juni iliyopita niliuza madume tisa ya Idi kwa wastani wa 180,000, ni 1,620,000, na humo hamna wana wa mzee, hao ameuza mwenyewe.

Na hapo kuna bahati ambayo si ujanja wangu. Miaka ya 2023 mpaka 2025 Idi ya Kuchinja iliangukia Juni, masika imeisha, kondoo wamenona, kiangazi kinabisha hodi. Wanunuzi wanataka dume aliyetimiza mwaka, asiye na kilema. Nauza, kundi linashuka kutoka 26 hadi 15 hivi, majani yaliyopo yanawatosha mpaka vuli. Lakini Idi inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, baada ya muda itaangukia katikati ya masika na hesabu zangu zitabadilika. Nishaanza kufikiria.

Kijana wa Goba, picha za moto sina, simu ya wakati ule ilianguka kisimani; za shamba nitaweka nikifika.

#5 Msukuma wa Kishapu

Yule mzee wako ametokea wapi? Maana anachokifanya sisi tunakiita ngitili, na hakikuanza jana.

Ngitili ni eneo unalolifunga mvua zinapoanza. Majani yanaota, miti inaota, hakuna mfugo unaoingia. Kiangazi kikibana ndipo unafungua, tena kwa sehemu, ndama na ng'ombe wa kukamua wanatangulia. Kuna za familia na kuna za kijiji. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati analipa faini kwa sungusungu, na hapo hakuna cha udugu.

Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Miti ilikatwa enzi za mkoloni kuwaondoa mbung'o, pamba ikaja ikafyeka iliyobaki, halafu vijiji vya ujamaa vya miaka ya 70 vikawahamisha watu wakaacha ngitili zao nyuma. 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walikuja na miche ya kupanda, mingi ikafa. Walipoanza kuwasikiliza wazee, ngitili zikarudi. Kufikia mwisho wa mradi 2004 ardhi iliyorudi ilikuwa zaidi ya hekta 300,000, na 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Baba yangu ana ngitili ya heka sita. Hatununui kuni. Hatununui majani ya kuezekea banda. Dawa za tumbo, uyoga, asali kidogo, vyote mle. Ng'ombe wakila miezi miwili ya kiangazi hawatufii. Kwa hiyo usiwaambie watu wanunue kondoo tu. Waambie wafunge ardhi kwanza, mfugo baadaye.

#6 Mkuranga Mkavu

Mzee ni wa huko huko Usukuma, alikuja na pamba miaka hiyo akaolea Uzaramoni. Asante sana mkuu, sikujua kwamba ratiba yangu ina jina.

#7 Binti wa Haubi

Naomba na mimi niseme, maana naona wote mnasifia mifugo.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Kwetu makorongo yalikuwa makubwa kiasi kwamba nyumba ya jirani unaiona ng'ambo lakini kuifikia ni mwendo wa asubuhi nzima. 1973 ukaja mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, wakachimba makingamaji na kupanda miti. Makorongo hayakusikia. 1979 serikali ikaamua: mifugo yote itoke eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, mpaka punda.

Bibi yangu alikuwa akisimulia siku ile kama msiba. Wengine walipeleka kwa ndugu nje ya eneo, wengine waliuza kwa bei ya kutupa. Maziwa yakaisha. Samadi ikaisha. Punda wa kubeba maji hakuna, akina mama wakawa ndio punda.

Na ardhi ikarudi, lazima niwe mkweli. Majani yakaota, makorongo yakaanza kufunga, mchanga uliokuwa unashuka ukapungua. Mwisho wa miaka ya 80 wakaruhusu ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa ndani, unamkatia majani unamletea. Ndicho tunachofanya mpaka leo. Kaka zangu walioko mbali wanatucheka kwamba tunafuga ng'ombe kama wafungwa, lakini maziwa yetu wanakunywa wakija likizo.

Kwa hiyo mtu mwenye ardhi iliyochoka asidanganyike kwamba ataiponya kwa kuongeza midomo. Kuna ardhi inayotaka mifugo itoke kwanza, tena kwa miaka.

#8 Mbishi wa Haki

Dada umenena. Kuna yule mzee wa Zimbabwe, Allan Savory, kila siku video yake inasambazwa kwamba mifugo mingi ikiswagwa pamoja inarudisha jangwa kuwa kijani. Wanasayansi wengi wamempinga, wanasema majaribio hayaonyeshi anachodai. Mleta mada usije ukatugeuza wafuasi wake.

#9 Mkuranga Mkavu

Mkuu, mimi sina jangwa. Nina mikorosho na majani mengi kupita kiasi. Ningekuwa na ardhi kama ya kina Binti wa Haubi nisingethubutu kuingiza hata sungura. Kwangu Mkuranga mvua zinanyesha mara mbili kwa mwaka, majani yanaota usiku na mchana, ugomvi wangu ni kuyapunguza. Hizo ni ardhi mbili tofauti na mtu asichukue ratiba yangu akaipeleka Dodoma.

#10 Ole wa Longido

Supai.

Nimecheka kuona mnagundua mambo. Kwetu kila boma lina olopololi, majani yaliyotengwa jirani na nyumbani kwa ajili ya ndama na mnyama mgonjwa. Na alalili ni eneo la jamii la kiangazi. Mvua ikinyesha tunakwenda mbali, ya nyumbani tunayaacha. Shida si ufahamu. Shida ni kwamba ukitaka kuhama leo unakuta shamba la mtu, hifadhi, kitalu cha uwindaji, au bango la mwekezaji. Ratiba ipo, njia haipo.

Halafu mkuu wa Mkuranga, hao kondoo wekundu usiwachanganye na Dorper, wale kondoo wa kisasa wa nyama, ukapitiliza. Dorper anakua haraka, mnada unampenda, lakini minyoo inampenda zaidi. Huyu mwekundu wetu anaivumilia. Damu ya Dorper ikizidi utahamia duka la dawa.

#11 Daktari wa Zizi

Ole amenitangulia kwenye la Dorper na yuko sahihi, ustahimilivu wa kondoo mwekundu wa Kimaasai dhidi ya minyoo wa tumbo umefanyiwa utafiti miaka mingi.

Niongeze machache kwa wanaotaka kuiga.

Mleta mada anasema siku tatu. Watu wanadhani ni kwa ajili ya majani tu. Yai la mnyoo likitoka na kinyesi, kwenye joto na unyevu wa pwani, baada ya siku nne tano hivi kiluwiluwi kinaweza kuwa tayari kuambukiza, kinapanda kwenye jani kikisubiri kuliwa. Kondoo akiwa ameshahama, kinakosa mwenyeji. Joto letu linakiua ndani ya wiki chache, ndiyo maana wiki tano sita za kupumzisha zinafanya kazi. Huko Tonga, kisiwani Pasifiki, walijaribu mbuzi kwa vipande kumi, siku tatu na nusu kila kipande, na dawa ya minyoo ikapungua sana. Ila ukienda nyanda za juu kwenye baridi kiluwiluwi kinaishi muda mrefu zaidi, usinakili.

Usiwape dawa kundi zima kila mwezi. Funua kope ya chini. Ikiwa nyekundu kama nyanya iliyoiva, mwache. Ikiwa imepauka kama karatasi, huyo mpe. Dawa ya kila mtu kila mwezi inafuga minyoo sugu.

Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo ni lazima. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini 2008 kule Ngorongoro, na 2010 ulishafika Newala na Tandahimba, inaelezwa kupitia mbuzi walionunuliwa mnadani Dar es Salaam. Tazameni umbali huo, na kilichousafirisha ni mtu aliyeshusha mbuzi wapya akawaingiza zizini siku hiyohiyo. Mnyama mgeni akae peke yake wiki tatu, awe amenunuliwa kwa mchungaji mtakatifu au kwa nani.

#12 Mama Chumvi

Shikamoo daktari. Mimi nina michungwa Muheza, heka tatu, majani yananisumbua kama huyo wa korosho. Ninapulizia dawa ya ukungu yenye shaba. Na mimi nichukue kondoo?

#13 Daktari wa Zizi

Marahaba mama. Hapana, usichukue kondoo. Kondoo na shaba ni maadui. Inajikusanya kwenye ini kidogokidogo, unaona mnyama mzima, siku moja anapata mshtuko, mkojo unatoka mwekundu, kesho amekufa. Mbuzi anavumilia shaba zaidi, lakini mbuzi atakumalizia michungwa. Kwa shamba lako kata majani umpelekee ng'ombe wa ndani, yale ya mbali na miti iliyopuliziwa, na samadi uirudishe shinani. Au acha ile dawa ya shaba, ndipo tuzungumze kondoo.

#14 Mama Chumvi

Ahsante sana. Umeniokoa, nilishaanza kuulizia bei.

#15 Nanyuki Baridi

Salamu kutoka Kenya. Mimi nimefanya kazi ya kuchunga kwa ranchi huku Laikipia miaka saba, niwape la huku.

Tunatumia boma la kuhamisha, la vyuma. Ng'ombe wanalala hapo usiku kwa sababu ya simba na fisi. Zamani boma lilikuwa la miiba, linakaa mahali pamoja mwaka mzima. Sasa tunalipeleka makusudi pale ardhi imekuwa kipara, ile ngumu maji yakinyesha yanateleza tu. Ng'ombe wanalala wiki moja hivi, wanaivunja kwa kwato, wanaacha samadi na mkojo, tunahama. Mvua ikija, pale panaota nyasi mpaka swara wanajua njia. Mahali pa maboma ya zamani, hata yaliyohamwa miongo mingi iliyopita, bado unapaona kwa macho: uwanja wa nyasi fupi tamu katikati ya vichaka.

Lakini mjue pia mnyama anabeba mbegu. Kule Baringo mti wa mathenge uliletwa miaka ya themanini kuzuia jangwa. Mbuzi wakapenda maganda yake, matamu, wakala, wakanya mbegu kila mahali. Mathenge ukameza malisho na njia. Yale maganda yana sukari, meno ya mbuzi yakaoza yakang'oka. Wenyeji wakashtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani awe ushahidi. Si mzaha, ilitokea. Kwa hivyo kabla hujahamisha kondoo kutoka kipande kilicho na magugu ya mbegu, waache walale kwa zizi siku mbili tatu watoe zile mbegu.

#16 Pesa Nne

Mbuzi kibogoyo mahakamani 😂😂 Wakenya hapana.

Mleta mada hesabu zako nimezipokea. Swali la mwisho: je, hilo shamba limekufanya ujitegemee? Hujazungumzia chakula.

#17 Mkuranga Mkavu

Sijitegemei, nimepunguza kununua tu. Nyumbani kwangu Dar bado nanunua sukari, unga na umeme kama wewe.

Ila pale shambani mambo yamegeuka polepole. Samadi ya zizini mzee anaitoa kila Jumamosi, anaiacha ikomae miezi miwili mitatu, inakwenda kwenye migomba na bustani ya matembele na mchicha. Kichanga kile zamani ukimwagilia asubuhi, mchana ni kikavu. Sasa ukichimba kiganja kimoja unakuta unyevu na nyungunyungu, jambo ambalo 2017 halikuwepo. Mbolea ya dukani kwenye bustani tumeacha mwaka wa tatu. Mboga, ndizi na mayai ya mzee na familia yake havitoki sokoni. Kuku tunawaachia kipande siku moja baada ya kondoo kuhama, wanachakura kinyesi, wanakula funza na wadudu. Chakula cha kuku kimeshuka, sijakipima ila gunia linakaa muda mrefu zaidi.

Ng'ombe wa maziwa nilijaribu mwaka jana. Nilileta mtamba mmoja chotara kutoka bara. Sikumchanja ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, nilijiambia nitamwogesha vizuri. Wiki ya tano matezi yakavimba, homa, akapumua kwa shida siku mbili. Fedha yote ikalala pale. Chanjo ipo, anachanjwa mara moja tu maishani, na niliijua. Kwa hiyo maziwa bado nanunua.

Na kuna kesi ya jirani. Siku mzee alipokwenda mazishini alimwachia kijana. Wavu ukalegea, kondoo saba wakaingia kwenye mihogo ya jirani, mihogo michungu. Wawili walikufa kabla ya magharibi, midomo ina povu. Na bado nililipa mihogo. Sikubishana, nilikwenda mwenyewe na bahasha na mguu wa kondoo (wa mzima, si wa hao), maana jirani wa shamba ukimkosa, wavu wa aina gani utakulinda? Sasa upande ule tumepanda mkonge mistari miwili.

#18 Kijana wa Goba

Mkuu mimi nina heka moja tu Chanika, majani matupu, sijajenga. Nianze na kondoo wangapi?

#19 Mkuranga Mkavu

Usinunue hata mmoja. Heka moja kwa mpango wa kupumzisha itabeba kondoo watatu wanne, na watatu hawamlipi mtu wa kuwalinda. Tafuta jirani mwenye kondoo kumi, mwambie aje alishie kwako siku nne kila mwezi na nusu, bure, ila kwa wavu wako na alale nao usiku mmoja pale unapotaka kupanda migomba. Yeye anapata majani, wewe unapata shamba safi na samadi. Andikeni hata kwenye daftari la shule nani analipa mnyama akifa. Mwaka mmoja ukiona unapenda harufu ya zizi, nunua.

#20 Msukuma wa Kishapu

Na kona moja uifunge. Usimwingize mtu wala mfugo mwaka mzima, uone kitakachoota.

#21 Kijana wa Goba

Nimeelewa wakuu. Hizo nyavu za Kisiju wanauza kwa kilo au kwa kipande?

#22 Mkuranga Mkavu

Kwa mapatano. Nenda asubuhi majahazi yakishatia nanga, usivae shati la kazini, na kagua vizuri kama kuna ndoano zimenasia ndani. Mimi nilizikuta tatu, moja kwa kidole.